Theluthi ya Kurudi

Mota ya umeme ya boti haiuzwi kwa kasi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofunzwa pale Luthuli Avenue, na nilihitaji siku mbili kulikubali, maana sisi wa Nairobi kila kitu twauliza kinakimbia kiasi gani: nduthi, intaneti, mkopo wa simu. Mota hizi zinauzwa kwa msukumo, na msukumo wenyewe unapimwa kwa paundi: 30, 40, 55, 80, 112. Namba hiyo haikuambii utafika saa ngapi. Inakuambia tu mota ina nguvu kiasi gani ya kuyasukuma maji. Mengine yote ni juu ya chombo chako, upepo, mkondo na betri.

"Ni ya Naivasha?" muuzaji aliniuliza.

Nikamwambia ni ya Gazi. Akaacha simu yake, akanitazama. "Gazi ni chumvi," akasema, kama mtu anayekukumbusha kwamba mgonjwa wako ana kisukari.

Ukweli ni kwamba mota hizi zina asili ya maziwa. Minn Kota, jina utakaloliona kwenye nyingi, ilianza mwaka 1934 huko Fargo, North Dakota, na jina lake limeunganishwa kutokana na Minnesota na Dakota. Huko mvuvi ni mtu wa wikendi. Ana mashine ya petroli ya kumfikisha anakotaka, kisha anaizima na kushusha kimota cha umeme ili asogee kimyakimya, samaki wasishtuke. Torqeedo ya Ujerumani ilizaliwa mwaka 2005 kando ya Ziwa Starnberg, mahali ambapo mashine za petroli zimewekewa vikwazo. Katika watu hao wote, hakuna aliyekaa mezani akamfikiria baba yangu.

Baba ana miaka 67. Chombo chake ni kimashua cha mbao cha futi 16, tezi yake imekatwa bapa, kina tanga moja na makasia mawili. Miaka yote amekiendesha kwa vitu vitatu: upepo, maji na bega. Hutoka na maji ya kupwa, hurudi na maji ya kujaa. Upepo ukilala, anapiga kasia. Upepo bado ni uleule wa kusi na kaskazi, na maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku kama zamani. Kilichobadilika ni bega. Mkono wa kulia haupandi tena juu ya sikio. Daktari alisema bega lipumzishwe, Baba akamuuliza kama yeye daktari ndiye atakayekuwa akileta kitoweo.

Kijana aliyekuwa akienda naye alichukua bodaboda kwa mkopo, sasa yuko steji ya Msambweni. Amebaki mpwa wangu, aliyemaliza Form Four na anayengoja mambo yake yanyooke. Ana nguvu, lakini bahari bado hajaijua. Kwa hivyo tulikaa watoto watatu kwenye grupu la WhatsApp, tukakubaliana kila mmoja atoe shilingi 60,000. Kaka yuko Mombasa, dada yuko Ukunda, mimi niko South B na kazi yangu ni kuhesabu mishahara ya watu wengine. Kuchagua nikaachiwa mimi. "Wewe ndiye wa namba," kaka akaandika, na hapo mjadala ukawa umefungwa, au ndivyo tulivyodhani.

Mbona hatukumnunulia mashine ya petroli kama watu wengine? Kwanza, mpya ingetumaliza. Pili, Baba mwenyewe hakuitaka. Pale ufukweni wengi wenye mashine wana Yamaha ya nguvu 15, ile ya kuchanganya oili, na ikiendeshwa kwa kasi yake yote hunywa lita 5 mpaka 7 kwa saa. Mwaka 2023, petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, Baba aliwaona wenzake wakirudi na samaki wa kulipia mafuta peke yake. "Hawa hawavulii watoto," alisema. "Wanaivulia mashine."

Sasa tuje kwenye hesabu, na kama hupendi hesabu nivumilie, maana ndani yake ndimo mlimokuwa na ugomvi wote.

Kanuni ya kawaida inasema hivi: kila kilo 50 za chombo kilichobeba zinataka angalau kilo 1 ya msukumo. Chombo cha Baba tulikikadiria kilo 350, maana mbao zikishanywa maji huwa nzito. Watu wawili, kilo 140. Nanga, nyavu, barafu, betri, na samaki Mungu akijalia, kilo 110. Jumla 600. Kwa hivyo kiwango cha chini ni kilo 12 za msukumo, karibu paundi 26. Hiyo ni kwa ziwa lililolala. Bahari ina upepo na ina mkondo, basi zidisha mara mbili: kilo 25, yaani paundi 55. Na 55 haikunijia kwa bahati. Ndiyo kikomo cha kawaida cha mota za volti 12, zile zinazotosheka na betri moja. Ukitaka 80 lazima uende volti 24, betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo. Ukitaka 112 ni volti 36, betri tatu.

Kaka alitaka 80. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne, ambao kiini chake kilikuwa maneno matatu: nguvu ni usalama. Mzee akikutana na mkondo, akasema, hutaki awe anabembeleza.

Si hoja ya kijinga. Lakini chombo kama cha Baba hakipandi juu ya maji kikateleza kama spidiboti. Kinayapasua maji na kuyasukuma kando, na kadiri unavyokilazimisha kwenda kasi ndivyo maji yanavyozidi kukataa. Mota ya paundi 55 ikifunguliwa yote huvuta kama ampea 50. Kwa bahari shwari, nilikadiria ingekipeleka chombo chetu kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi matatu. Ukiishusha mpaka kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu asiye na shida na matatu, mvuto unashuka mpaka ampea 15 hivi. Angalia hapo vizuri. Umepoteza theluthi moja ya kasi, ukaokoa zaidi ya theluthi mbili za umeme. Ukigeuza upande wa pili ndipo utaona ubaya wake: kasi kidogo ya juu unailipia kwa betri nzima.

(Hii ni kama mota ina kidhibiti cha kisasa, kile unachokizungusha polepole bila hatua. Zile za gia tano za kizamani hupunguza kasi kwa kuugeuza umeme uliobaki kuwa joto. Unaenda pole na bado unalipa.)

Betri nazo zina hadithi yao. Zinaandikwa Ah. Betri ya Ah 100 maana yake, kwa hesabu ya juujuu, ukivuta ampea 10 itakaa saa 10. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, aliniapia kwamba betri ya gari ni ileile tu. Si ileile. Betri ya gari imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, iwashe injini, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiikamua mpaka chini kila siku, itakufa kabla hujamaliza kulipa deni. Kuna za asidi zilizotengenezwa kwa kazi ya kukamuliwa, lakini hata hizo ukitaka zidumu unatumia nusu tu, na ya Ah 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo ina kilo 12 hivi, unaitumia karibu yote, na huchajiwa zaidi ya mara 2,000. Bei yake? Ile ya asidi niliambiwa 17,000. Ile ya lithiamu, 52,000.

Hapo ndipo nilipokuwa, na karatasi yangu na kikokotoo, Mama alipopiga simu. Ilikuwa Alhamisi usiku, baada ya isha.

"Mamangu, hiyo mashine mushanunua?"

"Bado, Mama. Nahesabu betri."

"Ziko za namna ngapi?"

Nikamweleza. Ndogo ya asidi, bei nafuu. Kubwa za lithiamu, ghali.

"Hiyo ndogo yamfikisha wapi?"

"Ndani ya ghuba. Akitaka kurudi bila wasiwasi, ni humohumo ndani."

Akanyamaza. Nilisikia kipanga cha feni kikigonga kule kwake, kile ambacho kila Idi tunasema tutakirekebisha.

"Basi mnunulie hiyo," akasema. "Na usimwambie kwamba kuna nyingine."

Ngoja nikueleze Gazi ilivyo, ndipo uelewe alichokuwa akiomba. Ghuba yetu imekumbatiwa. Upande mmoja kuna kijiji na mikoko, ile mikoko ambayo siku hizi wageni huja kuitazama kwa sababu ya Mikoko Pamoja, mradi unaouza kaboni na kuleta maji na vitabu kijijini. Upande wa mashariki kuna Chale. Kusini, mbele ya mlango, kuna mwamba unaovunja mawimbi. Ndani ya mwamba maji ni machache, nyasi za bahari zimetanda, na samaki ni tafi na changu wadogo. Ndani pia mumejaa watu. Kila mtu ana wavu, na tafi hawaongezeki kwa sababu nyavu zimeongezeka. Nje ya mwamba ni kilindi. Nje ndiko waliko nguru na kolekole, samaki ambao mmoja tu akipanda, siku imelipa.

Nje pia ndiko alikokwenda kaka yake Mama, kaskazi moja kabla mimi sijazaliwa. Chombo kilionekana. Yeye hakuonekana. Nyumbani jambo hili halisimuliwi, lakini limekaa nasi kama kiti. Bahari ikichafuka kidogo tu, Mama huosha vyombo vilivyo safi.

Kwa hivyo nilielewa. Na nitasema ukweli, ombi lenyewe lilikuwa rahisi sana kulitimiza. Pesa ziko kwenye M-Pesa yangu. Baba hajui Ah ni nini. Ningepeleka betri moja ya asidi, ningesema ndiyo iliyopatikana, na akiba ya karibu laki ingebaki kwa ajili ya bega lake. Hakuna ambaye angenilaumu. Sisi watoto wa mjini tunafanya hivyo kila siku. Tunawahamisha wazazi wetu vyumba, tunawauzia ng'ombe, tunawaficha majibu ya daktari, na tunaita hayo yote kuwatunza. Anayetuma pesa amekuwa nahodha, hata kama hajui kuogelea.

Nikarudi kwenye karatasi. Nilitaka kuona kama hesabu inaikubali huruma ya Mama.

Betri ya asidi ya Ah 100, nusu yake ni 50. Kwa kasi yote, saa moja, kilomita 6. Kutoka mahali Baba anapofunga chombo mpaka nje ya mwamba ni kama kilomita 5. Vizuri, nikawaza, hatathubutu. Lakini Baba haendi kwa kasi yote. Baba hajawahi kwenda popote kwa kasi yote. Kwa mwendo wa pole, betri hiyohiyo inampa kilomita 13. Kwenda 5, kurudi 5. Angefika.

Na angetoka na maji ya kupwa, kama siku zote. Maji yenyewe yangembeba, mota ingetumia kidogo sana, na angefika nje ya mwamba akiona betri haijaguswa. Angeshusha mshipi. Angekaa. Kisha upepo ulale, au upepo ugeuke, au mpwa wangu atapike, aamue kurudi kabla maji hayajaanza kujaa. Chombo kinachokwenda kilomita 4 kwa saa kikikutana na mkondo wa kilomita 3, kwa kweli kinakwenda kilomita 1. Saa tano kurudi, betri ya saa tatu, na bega lisilopanda juu ya sikio.

Betri ndogo haimzuii mtu kwenda. Inamzuia kurudi.

Nilikaa na sentensi hiyo usiku kucha. Asubuhi nilimpigia Mama kabla sijapanda matatu, nikamsomea hesabu polepole, mstari kwa mstari, kama ninavyowasomea watu payslip zao wakija kulalamika. Mama hakusoma mbali, lakini ameuza samaki maisha yake yote na hesabu hazimpiti.

"Kwa hivyo hakuna ya kumzuia," akasema.

"Hakuna inayouzwa dukani, Mama."

Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikashuka na treni mpaka Mombasa, nikavuka Likoni, nikafika Gazi saa ya alasiri. Baba alikuwa chini ya mkwaju akifunga dema. Shikamoo, marahaba, habari za Nairobi, baridi, haya. Nikatoa karatasi.

Sikumletea jibu. Nilimletea njia tatu. Ya kaka: mota ya paundi 80, betri mbili za asidi, volti 24. Ya Mama, ambaye sikumtaja: mota ya 55, betri moja ya asidi, na pesa zinabaki. Ya tatu: mota ya 55, betri mbili za lithiamu zilizofungwa sambamba, volti 12 zilezile lakini Ah 200, na pesa zinaisha zote. Nikamweleza kila moja inafika wapi, ikienda kasi na ikienda pole. Nilitumia maneno ya kawaida. Ampea nikaziita glasi, betri nikaiita mtungi.

Alisikiliza bila kuacha kufunga dema. Kisha akauliza swali ambalo hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniuliza.

"Ukisema yafika, ni yafika na kurudi, ama yafika tu?"

"Na kurudi."

"Na mkondo ukiwa mbaya?"

Nikanyamaza.

Akachukua karatasi, akaikunja mara tatu, akanionyesha mikunjo. "Mtungi wa maji ukienda nao baharini, wagawa hivi. Theluthi ya kwenda. Theluthi ya kurudi. Theluthi ya tatu si yako, ni ya Mwenyezi Mungu. Hiyo huigusi mpaka akutumie upepo wa kukuambia uiguse."

Baadaye niligundua kwamba watu wanaozamia kwa mitungi ya hewa wana kanuni hiyohiyo, imeandikwa vitabuni. Baba aliipata kwenye mtungi wa maji ya kunywa.

Njia ya Mama aliiondoa kwanza. "Hino yanipeleka yaniwacha." Njia ya kaka aliifikiria zaidi, kwa heshima ya kaka, kisha akacheka. "Paundi thamanini nikimbilie nini? Nguru hapandi matatu." Mvuvi wa kurambaza, akanikumbusha, yule anayeburuta ndoano nyuma ya chombo, hataki fujo. Anataka mwendo usiokatika, wa pole, usio na kelele. "Mashine ya petroli yapiga ngoma. Samaki hawajaalikwa harusi."

Basi ikawa ya tatu: mota ndogo, betri kubwa. Kwa watu wa maduka hiyo ni hesabu iliyokaa upande. Wengi wananunua mota kubwa kadiri ya mfuko wao, kisha betri wanaitafutia chenji iliyobaki. Lakini nilipoipiga hesabu ya siku ya Baba ikanyooka vizuri kabisa. Kwenda kilomita 5 kwa pole, Ah 19. Kurambaza saa tatu, Ah 45. Kurudi, Ah 19. Jumla 83 kati ya 200. Inabaki zaidi ya nusu, na theluthi ya Mwenyezi Mungu haijaguswa. Kuichaji yote kutoka sufuri ni kama uniti 3 za stima, haifiki shilingi 100. Mashine ya nguvu 15 ingemaliza pesa hizo kabla haijatoka kwenye mikoko.

"Na tanga halitoki," akaongeza. "Wala makasia. Hiyo mota ni ya bega tu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote, upawa mkononi. Baba hakugeuka kumtazama, lakini aliyoyasema sasa hayakuwa yangu. "Kusi sitoki nje. Huo ujana niliuwacha zamani. Kaskazi, bahari ikiwa shwari, nitatoka. Sitasema uongo."

"Chaja itakaa chumbani kwangu," Mama akasema.

"Haya."

"Hakuna kuichaji mtu mwingine."

"Nimesema haya."

Nilidhani ni neno la mtu anayetaka kuwa na la mwisho. Nikarudi Nairobi kununua.

Kwa atakayefuata njia hii, mambo machache. Chukua ya maji ya chumvi hata kama ya maji baridi ni nusu bei. Ile ya chumvi imepakwa ngao dhidi ya kutu na ina kipande cha zinki karibu na propela. Kazi ya zinki hiyo ni kuliwa na chumvi ili vyuma vingine vipone, na ikiisha unabadilisha. Pima kimo cha tezi kabla hujachagua urefu wa shafti, maana propela ikiwa juu itakuwa inapiga hewa mawimbi yakiinuka. Nyaya ziwe nene, na fyuzi iwe karibu na betri, kwa sababu ampea 50 kwenye waya mwembamba ni jiko. Tafuta propela iliyopindwa kwa ajili ya majani. Gazi ina nyasi nyingi za bahari na zinapenda kujisokota. Kila jioni, suuza kwa maji ya bomba. Na nunua kijiskrini cha kuonyesha betri imebaki asilimia ngapi. Nilikinunua ili Baba asibahatishe.

Kikafanya kazi nyingine.

Mota ilifungwa mwezi wa Novemba, kusi ikiwa imekwisha kuondoka. Wiki ya kwanza Baba alizunguka ndani ya ghuba na mpwa wangu, akijifunza. Aliporudi, mpwa alibeba betri mpaka nyumbani, moja kila mkono. Zile za asidi zingemvunja. Mama alizipokea mlangoni, akaziweka chini ya meza ya cherehani, akachomeka chaja. Kabla ya kuchomeka alisoma kijiskrini. Kisha akanitumia ujumbe: "80."

Kesho yake: "82." Siku iliyofuata: "79." Sikuelewa kwa nini ananitumia mpaka siku ilipokuja "58", na dakika mbili baadaye simu ikalia.

"Leo ametoka nje ya mwamba," Mama akasema. Hakuwa akiuliza.

"Amekwambia?"

"Ameniletea nguru. Lakini nilishajua kabla sijaona nguru."

Miaka arobaini Mama ameishi na mtu anayerudi na kusema "tulikuwa hapahapa tu". Sasa kila jioni bahari inamletea namba, naye ameshajifunza kuisoma kuliko mimi niliyeinunua. Themanini ni ghuba. Sitini ni mlangoni. Hamsini na kitu ni nje. Baba anajua kwamba anajua. Hajalalamika. Mpwa wangu anasema siku moja, wakiwa nje, samaki wakiwa bado wanagusa, Baba alitazama kijiskrini, akasema, "Mama yenu atanuna," akageuza chombo.

Sitaki kukudanganya kwamba hofu imekwisha. Mama bado huosha vyombo vilivyo safi. Mwezi wa pili, siku moja, ujumbe ulikuja saa mbili usiku, wakati kwa kawaida unakuja magharibi. "41." Nilipiga simu mara tatu ndipo akapokea. Upepo ulikuwa umelala nje, tanga likawa nguo tu, na wakaanza kurudi maji yakiwa bado yanakupwa. Mota ilisukuma kwa karibu saa nne. Walikuwa wamefika, wamekula, Baba alikuwa amelala na bega lake likiwa halijafanya kazi yoyote.

"Mama, 41 si mbaya," nikamwambia. "Ya tatu haijaguswa. Theluthi ni 33."

"Najua theluthi ni ngapi," akasema. Kisha, baada ya kimya: "Wewe ungemnunulia ile ndogo ningekuwa naongea na nani saa hizi?"

Sikuwa na jibu, naye hakulingoja. Alisema anataka kulala, kesho maji yanaanza kupwa alfajiri na Baba ameshasema anatoka.

Saa kumi na nusu asubuhi, kabla kengele yangu haijalia, simu ilitetemeka kando ya mto. Ujumbe ulikuwa namba moja tu, kama kawaida yake, bila salamu.

"100."